Mke Aliyeaminishwa Kuwa Ana Wazimu: Uhakiki wa Filamu ya Gaslight (1944)

Filamu nyingi za taharuki humficha mhalifu mpaka dakika za mwisho, na mtazamaji akishamjua hana tena sababu ya kuzirudia. Gaslight, iliyoongozwa na George Cukor na kutolewa na kampuni ya MGM ya Marekani mwaka 1944, haitegemei siri ya namna hiyo. Mtazamaji makini humshuku mume tangu mapema, na kabla filamu haijaenda mbali huwa hana shaka tena. Kinachomshika kwa dakika 114 ni kutaka kujua mume huyo atafika wapi, na mkewe atavumilia mpaka lini. Nimeitazama hapa Moshi peke yangu na nimeitazama pamoja na ndugu na majirani, na kila mara nimezidi kuamini kwamba hii ndiyo filamu ya rangi nyeusi na nyeupe inayofaa kuanza nayo mtu yeyote wa kwetu anayesema kwamba sinema za zamani zinachosha. Ubora wake siwezi kuueleza bila kueleza yanayotokea, ukiwemo mwisho wake, kwa hiyo anayetaka kuitazama bila kujua lolote na aitazame kwanza, kisha arudi kusoma.

Hadithi inatokea London katika karne ya 19, wakati nyumba na mitaa ya mji huo vilipokuwa vikiangazwa kwa taa za gesi. Mwimbaji mashuhuri wa opera, Alice Alquist, ameuawa nyumbani kwake, namba 9 Thornton Square, na muuaji hakupatikana. Paula, mpwa wake aliyelelewa naye katika nyumba hiyo, anaondolewa London na kupelekwa Italia kusomea uimbaji. Miaka inapita. Mwalimu wake, mzee Guardi, anagundua kwamba binti huyu hawezi tena kuimba msiba kwa sababu moyo wake umejaa furaha, naye kwa upole anamwachia aende kwa yule aliyempenda. Aliyempenda ni mpiga piano aitwaye Gregory Anton, mtu ambaye amemfahamu kwa muda mfupi mno. Wanafunga ndoa, na wakiwa bado katika fungate mume anasema kwamba tangu zamani amekuwa akitamani kuishi London, katika nyumba inayotazamana na bustani ndogo ya mtaa. Paula anayo nyumba ya namna hiyo hasa, aliyoirithi kwa shangazi yake, na ndiyo nyumba anayoiogopa kuliko mahali pengine popote duniani. Kwa kuwa anampenda mumewe, anakubali kurudi huko.

Kuanzia hapo Gregory anaifanya kazi yake polepole, kwa vitu vidogo vidogo. Siku wanayokwenda kutembelea Mnara wa London, anampa mkewe kipini cha kifuani anachosema kilikuwa cha mama yake, anakitia ndani ya mkoba wa Paula mbele ya macho yake, na anamkumbusha kwa sauti ya upendo kwamba siku hizi amekuwa mtu wa kupoteza vitu. Wakiwa huko, Paula anaufungua mkoba na kukikosa kipini. Anapekua, anapekua tena, anageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Hamwambii mumewe. Kitendo hicho cha kutomwambia ndicho nilichokipenda zaidi katika uandishi wa sehemu hii, maana tangu dakika hiyo Paula ana siri, anajiona mkosaji, na anamwogopa mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa kimbilio lake. Hakuna kilichovunjika, hakuna aliyepaza sauti, lakini ndoa hiyo imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine.

Kisha kuna picha ndogo ya ukutani. Inatoweka mahali pake, na Gregory anamwita mpishi na kumtaka aape kwa Biblia mbele ya bibi wa nyumba kwamba hakuichukua. Paula naye anaapa. Hapo mumewe anamwagiza aende akaitafute, naye anapanda ngazi na kuikuta nyuma ya sanamu, kwa sababu ndipo ilipokutwa mara zilizotangulia. Kwa Gregory huo ni ushahidi wa kutosha: umejuaje ilipo kama si wewe uliyeificha? Mtego huo umefungwa pande zote. Asingeipata, angekuwa mwizi anayekataa kusema. Ameipata, amekuwa mgonjwa asiyejua afanyalo. Na ile barua aliyoikuta siku za mwanzo kati ya karatasi za muziki za shangazi yake, barua iliyotiwa saini na mtu aitwaye Sergis Bauer, mumewe anamwambia baadaye kwamba haikuwahi kuwapo, na kwamba siku ile alikuwa amesimama akitazama mikono mitupu.

Gregory hampigi mkewe. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na watazamaji wa hapa nchini, kwa sababu tukizungumzia mateso ya ndani ya ndoa akili zetu hukimbilia kwanza kwenye kofi na alama za mwilini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza katika kifungu cha 66 mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na Gregory angeweza kukisoma kifungu hicho akiwa ametulia kabisa kwenye kiti chake. Kifungu cha 107 ndicho kingemgusa, maana kinautaja ukatili, uwe wa kimwili au wa kiakili, miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini ukatili wa akili unathibitishwaje, wakati mlalamikaji mwenyewe amekwisha kuaminishwa kwamba akili yake haifai kutolea ushahidi? Sijaona filamu nyingine inayoliweka swali hilo wazi kama hii, tena bila hata mhusika mmoja kulitamka.

Jina la filamu linatokana na taa za nyumba hiyo, na hapa inafaa nieleze kidogo, kwa sababu mtazamaji asiyeelewa zilivyofanya kazi atapoteza nusu ya utamu. Gesi ilisambazwa ndani ya nyumba kwa mabomba, na taa za vyumba mbalimbali zilishiriki msukumo mmoja wa gesi. Ukiwasha taa katika chumba kimoja, ndimi za moto katika vyumba vingine hupungua. Anayeishi Moshi jirani na fundi wa kuchomelea vyuma hahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa amezoea kuiona taa ya sebuleni ikilegea kila fundi anapoanza kazi, na anajua bila kuambiwa kwamba kuna mtu mahali fulani anautumia umeme huo. Paula hana jirani wa kumsingizia. Kila usiku mumewe anaaga kwamba anakwenda kufanya kazi zake, na muda mfupi baadaye taa ya chumbani kwake inafifia. Anauliza kama kuna aliyewasha taa kwingine ndani ya nyumba, anajibiwa kwamba hakuna. Baadaye kidogo anasikia hatua za miguu juu ya dari, katika chumba cha juu ambacho mumewe alikiziba baada ya kuhamishia humo samani zote za marehemu.

Mpigapicha mkuu, Joseph Ruttenberg, ameutumia mwanga huo kama mhusika kamili. Mwali wa taa unaonekana kwa karibu ukishuka, kisha uso wa Ingrid Bergman unaonekana ukiangalia juu, na kivuli kinapanda taratibu ukutani nyuma yake. Katika filamu ya rangi tukio kama hilo lingegawana macho yetu na wekundu wa mapazia na kijani cha mazulia. Hapa kila kitu ni mwanga au ukosefu wa mwanga, hivyo mwanga unapopungua mtazamaji huhisi kwamba kuna kitu kimenyang'anywa chumbani. Nyumba yenyewe imejazwa vitu kupita kiasi: sanamu, vinara, picha, meza ndogo ndogo, mapazia mazito, mpaka mtu anakosa pa kupumulia. Mandhari hayo yalipata tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari kwa filamu za rangi nyeusi na nyeupe, na kwa maoni yangu tuzo hiyo ilistahili kuliko nyingi zinazotolewa kwa majumba ya kifahari, kwa sababu vitu vile vina kazi katika hadithi. Nyumba yenye vitu vingi namna ile ndiyo nyumba ambamo kitu kimoja kinaweza kupotea na lawama ikamwangukia mtu mmoja.

Sauti nazo zimepimwa kwa uangalifu mkubwa. Hatua za darini hazina kishindo cha kutisha kama cha filamu za mazimwi. Ni hatua za mtu mzima anayetembea kwa kawaida, na kwa sababu hiyo zinaogofya zaidi. Kwetu, mama anayesikia nyayo darini usiku na kuona vitu vikihama mahali pake angeshauriwa upesi kuita watu wa maombi, au kwenda kwa mganga, na wapo kati ya tuliotazama pamoja waliosema bila kusita kwamba huyu amerogwa. Filamu inampa mtazamaji nafasi ya kudhani hivyo, kisha inamwonyesha mwanamume mwenye kofia na fimbo akizunguka nyuma ya nyumba na kurejea ndani kupitia juu ya paa. Kwa ajili ya sauti hizo namshauri kila mtu aitazame katika lugha yake ya asili, akiwasha maandishi ya Kiingereza chini ya picha kama lafudhi za London zinamsumbua. Mimi ni mpenzi wa filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili na nimekua nazo, lakini msimulizi, hata awe na kipaji kiasi gani, hawezi kusema juu ya ukimya wa filamu hii bila kuuharibu.

Bergman alipata Oscar yake ya kwanza kwa kuigiza nafasi ya Paula, na ukimtazama huoni mahali popote anapoomba kuhurumiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye afya na uso wa uwazi, na watengenezaji wangeweza kumtafuta mwigizaji dhaifu wa umbo ili kazi iwe rahisi. Kumchagua yeye kulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu tunamwona mtu mwenye nguvu akipunguzwa siku hadi siku, mabega yakishuka, sauti ikitafuta ruhusa kabla ya kutoka. Bergman mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika tukio la kupokelewa kwenye stesheni ya treni ilibidi Charles Boyer, anayeigiza mume, asimame juu ya kisanduku ili asionekane mfupi kwake. Nikiikumbuka habari hiyo naona jinsi kamera ilivyomkuza Gregory kwa makusudi, na jinsi ambavyo kadiri filamu inavyoendelea Paula hukaa chini yake: kwenye kiti, kwenye ngazi, kwenye ukingo wa kitanda.

Tukio linalopasua moyo ni la usiku wa muziki nyumbani kwa Bibi Dalroy. Gregory amekataa mwaliko. Paula, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, anavaa vizuri na kusema kwamba atakwenda hata kama ni peke yake, na mumewe anageuka ghafla kuwa mchangamfu na kukubali kumsindikiza. Wanaketi kati ya wageni, piano inapigwa, na Gregory anainama kumnong'oneza kwamba saa yake ya mfukoni haipo. Anauchukua mkoba wa mkewe na kuikuta humo. Bergman anaanza kulia, kwanza kwa kujizuia, kisha kilio kinamshinda mbele ya watu wote, na tunaona nyuso za wageni zikimhukumu. Mume anamtoa nje kwa adabu. Mtu mmoja angeweza kumwambia Paula nyumbani kwake kwamba ana wazimu. Sasa ukumbi mzima umeona kwa macho, na Gregory amepata mashahidi bila kuwalipa.

Boyer alikuwa amejijengea jina kwa kuigiza wapenzi wa kuvutia, na Cukor aliitumia sifa hiyo vizuri sana. Hamgeuzi kuwa jambazi wa kukunja uso. Sauti yake ni ya chini, ya Kifaransa, ya mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa, na maneno makali yanapotoka hufuatwa na mkono unaopapasa nywele. Mara moja tu katika sehemu ya kwanza barakoa inateleza: mbele ya vito vya Taji katika Mnara wa London, macho yake yanawaka kwa namna ambayo hayajawahi kuwaka alipomtazama mkewe. Sekunde hizo chache zinaeleza kwa nini Alice Alquist aliuawa na kwa nini Paula aliolewa. Anachokitafuta darini kila usiku ni vito vya marehemu, naye atakuja kuvigundua mahali pa wazi kabisa, vimeshonwa kati ya vioo vya bei rahisi kwenye vazi la jukwaani.

Nyumba hiyo ina watu wengine wawili ambao wahakiki wengi huwapita haraka, nami nadhani ndio wanaoifanya filamu hii iwe karibu na maisha yetu. Elizabeth, mpishi, ana umri mkubwa na hasikii vizuri. Nancy, mtumishi wa ndani, ni msichana mwenye kiburi, anayemtazama bibi wa nyumba kwa dharau na bwana wa nyumba kwa macho ya mwaliko. Aliyemwigiza ni Angela Lansbury, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 17 upigaji picha ulipoanza, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuna aliyemwamuru Nancy amtese Paula. Mume amemwonyesha tu kwamba neno la bibi wa nyumba halina uzito, na msichana ameelewa. Anajibu polepole, anatabasamu pembeni, anatoka chumbani kabla hajaruhusiwa. Kila nyumba yenye dada wa kazi inajua jinsi heshima ya mama mwenye nyumba inavyoweza kuporomoka kwa sababu baba alimkemea mkewe mara moja mbele ya binti yule.

Tulipofika sehemu hii binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, hakuweza kunyamaza. "Mama, mbona hamwulizi mtu mwingine kama na yeye ameona taa ikipungua?"

Aliyejibu ni bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye Kiingereza cha filamu hakikumfikia lakini picha zilimtosha. "Amuulize nani, mjukuu wangu? Tangu tumeanza kuangalia, umeona ndugu yake hata mmoja akibisha hodi?"

Ndivyo ilivyo. Paula hana mama, hana shangazi, hana wifi, hana mshenga wa kumrudia akasema mambo yamekuwa mabaya. Mama yake, kwa maneno ya Gregory, alifia katika hospitali ya vichaa, na hakuna mtu hai wa kulikanusha dai hilo. Majirani wanapomwalika, mume anajibu kwa niaba yake kwamba hajisikii vizuri. Mwandishi wa tamthilia iliyozaa filamu hii, Patrick Hamilton, aliyeiandika mwaka 1938, alijua kwamba kazi ya kumvuruga mtu akili haiwezekani hadharani, na ndiyo maana nusu ya juhudi za mume huyu ni kufunga milango.

Mlango unafunguliwa na Brian Cameron, mpelelezi wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, anayeigizwa na Joseph Cotten. Utotoni aliwahi kukutana na Alice Alquist na kupewa glavu yake moja, na sura ya Paula imemkumbusha marehemu. Anaingia nyumbani Gregory akiwa ametoka, anaionyesha glavu hiyo ili Paula aamini kwamba hakuja kwa ubaya, na wakiwa bado wanazungumza taa inafifia. Cameron anaangalia juu na kutaja kwamba taa imepungua. Paula anamgeukia. Bergman hafanyi lolote kubwa hapo. Pumzi inabadilika, macho yanajaa, na mtu aliyekuwa akizama anakanyaga ardhi. Ameiona na yeye! Sentensi hiyo fupi ya mgeni, juu ya jambo la kawaida kabisa, inampa zaidi ya vile ambavyo daktari angeweza kumpa, na nathubutu kusema kwamba ni mojawapo ya matukio bora kabisa niliyowahi kuyaona katika sinema ya nchi yoyote.

Wanalivunja dawati la mume na kuikuta barua ya Sergis Bauer, ambaye ni Gregory mwenyewe kwa jina lake halisi. Ilikuwapo. Lakini waandishi hawakumwachia Paula ushindi wa haraka. Gregory anarudi, anaona dawati limevunjwa, na Paula anamwambia kwamba kulikuwa na mtu. Mpishi Elizabeth anaitwa na kuulizwa kama kuna mgeni aliyeingia, naye, akitaka kumkinga bibi yake na hasira za bwana, anasema hakuona mtu. Ni uongo wa huruma, na ndio unaomwangusha Paula kuliko maneno yote ya Gregory, maana kwa dakika kadhaa anaamini kwamba hata yule mpelelezi alikuwa ndoto. Mama mkwe wangu aligonga paja kwa uchungu hapo. Naipenda filamu hii kwa ujasiri huo wa kuonyesha kwamba mtu mwema, anayempenda mwathirika, anaweza kumsukuma shimoni kwa kunyamaza palipotakiwa kusema.

Mwisho unachezwa darini. Cameron amerudi na kumkamata Gregory, ambaye sasa amefungwa kwenye kiti, na Paula anaomba aachwe naye peke yao. Mume anarudia sauti ile ile ya kubembeleza na kumwomba achukue kisu akate kamba. Paula anakishika, kisha anaanza kumrudishia mafundisho yake moja baada ya jingine: anajifanya hajui kama alichoshika ni kisu, anamuuliza mumewe kama naye ameanza wazimu, anasema laiti angekuwa na akili timamu angemsaidia, lakini kwa kuwa ni mwendawazimu hawezi, tena anafurahi moyoni bila chembe ya huruma. Bergman anaifikisha sauti yake mahali ambapo mtazamaji hajui kama atachoma au hatachoma. Cukor, aliyetoka kwenye ukumbi wa tamthilia na aliyejulikana kwa kuwaongoza vizuri waigizaji wa kike, anaiacha kamera itulie na kumpa nafasi yote.

Kasoro zipo. Sehemu ya Italia ni ndefu kuliko inavyohitajika, na mtazamaji asiye na subira anaweza kuinuka kabla nyumba ya Thornton Square haijafunguliwa. Miss Thwaites, jirani mdadisi anayeigizwa na Dame May Whitty, ana vichekesho ambavyo mara nyingine vinakata hofu ilipokuwa ikikolea. Kubwa zaidi ni Cameron mwenyewe. Cotten ni mwigizaji mzuri, lakini anazungumza Kimarekani kitupu katika nafasi ya polisi wa London, na filamu inamfanya kijana mtanashati ili mwishoni tupate dokezo kwamba Paula ana mtu mwingine wa kuegemea. Ningependa zaidi aachwe asimame peke yake kwa muda, baada ya yote yaliyompata kwa sababu ya kuharakisha kumwamini mwanamume mmoja.

Anayeitafuta filamu hii kwenye maduka ya muvi ya mjini aangalie jambo moja kabla ya kulipa. Kuna Gaslight mbili. Ya kwanza ilitengenezwa Uingereza mwaka 1940 na mwongozaji Thorold Dickinson, ikiwa na Anton Walbrook na Diana Wynyard, na MGM iliponunua haki za hadithi ilitaka nakala zake ziharibiwe. Kwa bahati njema zilinusurika. Ukiona jina la Ingrid Bergman, umepata ya 1944. Itazame usiku, taa ya sebuleni ikiwa imezimwa, na kama televisheni yako imewekwa kwenye mwangaza mkali wa mpira wa miguu, ipunguze, kwani vivuli vya Ruttenberg vikioshwa na mwanga hubaki kijivu kitupu. Haina damu wala matukio ya faragha, na mtoto wa sekondari anaweza kukaa na wazazi wake bila mtu kutafuta rimoti.

Ile ya 1940 nayo ni nzuri, fupi zaidi, na mpelelezi wake ni mzee mnene mstaafu asiye na nia ya kuoa mtu, jambo linaloondoa kasoro niliyoilalamikia. Walbrook, hata hivyo, ni katili waziwazi tangu mwanzo, kiasi kwamba mtu hujiuliza mkewe alimpendea nini, ilhali kwa Boyer swali hilo halizuki. Anayetaka kuziona zote mbili aanze na ya Bergman, apumzike siku chache, kisha ndipo aitazame ya Dickinson.